Tumetumwa Kuangalia Maua

Mama yangu hajui kutembea bure. Simsemi vibaya, maana hata mimi nililelewa hivyo. Kwetu Kivu mtu akitoka nyumbani anakwenda shambani, sokoni, kanisani au msibani, na mkononi ana kitu. Ukimwona anazunguka njiani mikono mitupu, haendi kokote wala harudi kokote, unamwuliza kama nyumbani kwake kuna amani.

Basi fikiria uso wake siku mtaalamu wa viungo alipomwambia atembee kwenye korido yetu, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa chumba cha kulala, aende na kurudi, asubuhi na jioni.

"Nikifika kule, kuko nini?" Mama akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu, ni mazoezi tu.

"Bon. Basi nimeisha kufika," akasema, akabaki kwenye kiti chake.

Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za jengo letu, Koekelberg, hapa Brussels, msimu ule ule aliofika kutoka Bukavu, majani yakiwa yanapukutika na ngazi zina unyevu wa viatu vya watu. Nyonga ikavunjika. Madaktari walimpasua vizuri, sina lawama. Watu wa ambulansi wakampandisha hadi ghorofa ya tatu wamembeba kwenye kiti, yeye amenyoosha shingo kama mwami, mtawala wa kwetu, anayetembelea watu wake, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Jengo letu halina lifti. Kutoka dirishani aliona kuba la kijani la basilika na kipande cha barabara, na hiyo ndiyo Ulaya yake yote.

Daktari hakunizungusha. Mguu usipofanya kazi sasa, alisema, ukifika wakati wa joto utakuwa umekakamaa, na mtu asiyeweza kupanda ngazi hawezi kuishi ghorofa ya tatu. Akanisogezea vijitabu vya nyumba za wazee, vyenye picha za bustani na vikongwe wanaocheka.

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Siku hizi nahudumia wazee majumbani mwao, lakini kabla ya hapo nilifanya kazi kwa miaka katika nyumba ya wazee. Nakijua chakula cha usiku kinacholiwa jua bado liko juu. Najua Jumapili za mle ndani zilivyo ndefu. Sisemi ni mahali pabaya. Baadhi ya wenzangu walikuwa na utu kuliko watoto wa wazee wenyewe. Lakini mama yangu hana Kifaransa zaidi ya salamu na bei za vitu. Nani angemwuliza ameotaje usiku? Nani angejua kwamba hali maharage ya kopo? Niliapa jikoni nikimenya viazi, na mimi nikiapa huwa siapi kwa mzaha: Mama haendi kule.

Kuapa ni rahisi. Kumtoa Mama kwenye kiti ilikuwa shughuli nyingine. Nilimbembeleza, tukagombana, nikamwombea, tukagombana tena. Nilimwahidi kumpeleka Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya watu wa kwetu, akachague vitenge mwenyewe, apite kwenye maduka ya samaki wa kukaushwa na agombane bei na watu wanaomwelewa. Akaniambia nilete vitenge nyumbani, atachagua amekaa. Mara nyingi ulimi uliniwasha kumtupia ile methali aliyotulea nayo, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nilijizuia, kwa sababu safari hii aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuutazamia. Kila asubuhi, mtaa wa Etterbeek, nilikuwa namwogesha na kumvalisha bibi mmoja wa Kibelgiji, mzee kumpita Mama. Alikuwa amezaliwa milima ya Ardeni, upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Ujerumani, na alikuja Brussels msichana, akaolewa, akafiwa, akabaki. Hakuwa na mtoto. Alikuwa mkali. Tulipatana sana kwa sababu mimi pia ni mkali, na watu wawili wakali wakishajuana hawana haja ya kupigiana kelele.

Asubuhi moja, baridi ikiwa imeanza kulegea, nilikuwa namvisha soksi akasema, "Wewe una miguu. Nenda Jumamosi ukaniangalie kama jonquilles zimechanua kule bondeni kwetu."

Nikamwuliza ni nini hizo. Akanieleza: maua ya njano, madogo, yana kikombe katikati, yanaota yenyewe kando ya kijito theluji ikishaondoka. Si yale ya bustani, alisisitiza. Yale mtu anayapanda. Haya hayapandwi na mtu. Zamani alikuwa anakwenda kila mwaka, hata alipokuwa amezeeka. Sasa mpwa wake humtumia picha.

"Picha!" alisema. "Nimechoka na picha. Nataka mtu aende, arudi, aniambie."

Nilimwitikia kama tunavyowaitikia wazee, ndiyo Madame, sawa Madame, huku moyoni nikisema Jumamosi ni siku yangu ya kufua. Nilikuwa ndani ya tramu, natoka kwake, wazo liliponijia. Nilishuka kituo kimoja kabla, nikatembea haraka hadi nyumbani, nikipanga maneno.

"Mama," nikasema nikiwa bado na koti, "banitumaka."

Akageuza kichwa. Neno kutumwa kwa mama yangu si dogo. Mtu akikutuma, hasa mzee, hasa mgonjwa, amekupa mdomo wake uende nao.

"Nani alikutuma?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni bibi asiyeweza kutoka kitandani bila mimi, ametuma nikaangalie maua ya kwao milimani, nirudishe jibu, na kwamba mimi hayo maua siyajui.

"Ule maman eko yeye moja? Hana mutoto wa kutuma?"

"Hana."

"Alors anatuma weye." Akanitazama kutoka juu hadi chini kwa huruma. "Na weye haujue majani. Kwetu ulikuwa unangoa maharagi pamoja na kwekwe. Utaleta jibu gani?"

Nilikubali kwamba siyajui. Ni jambo gumu sana kwangu, lakini nilikubali.

"Leta viatu nijaribu," Mama akasema.

Jumamosi hiyo aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni amesimama, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mwingine unageuza mandazi kwenye mafuta. Nikadhani ni chakula cha njiani, nikafurahi. Akayafunga kwenye kitambaa safi, akayaweka kikapuni, akanikataza kuyagusa.

Kushuka ngazi kulichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Mimi nilitangulia, nimegeuka kumtazama, mikono nimeinyoosha kana kwamba ningeweza kumdaka. Kila tulipofika pa kupumzikia alimlaani kidogo aliyejenga nyumba ndefu namna hii bila lifti, kisha akamwomba Mungu msamaha, kisha tukaendelea. Chini alisimama mlangoni, upepo ukampiga usoni, akasema, "Hii baridi yenu haina adabu." Lakini hakurudi nyuma.

Tulipanda treni, kisha basi. Njia nzima aliuliza milima iko wapi. Nikamwambia bado. Basi likaanza kupanda, likapita misitu ya misonobari na viraka vya theluji, likatushusha kwenye kijiji chenye kanisa na nyumba chache za mawe.

"Tumefika mulimani, Mama."

Akazunguka pole pole na fimbo yake, akatazama kila upande. "Wapi?"

"Hii yote."

"Hii njo mulima? Hii ni mugongo ya ng'ombe yenye kulala."

Ni kweli kwamba mtu aliyekua akiutazama mlima Kahuzi hawezi kudanganywa. Hata hivyo nilikasirika kidogo kwa niaba ya Ubelgiji, nchi ambayo nailalamikia kila siku mimi mwenyewe.

Bibi alikuwa amenieleza njia: kupita kanisa, kufuata ukuta wa mawe, kisha kijia kinachoshuka bondeni hadi daraja la mbao. Nilikiona kijia, nikakanyaga. Mama akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Kule chini. Kwa maua."

"Na mwenye mulima eko wapi? Umeisha kumusalimia?"

Hapo ndipo nilipoelewa mandazi yalikuwa ya nani. Kwetu mlima una mwenyewe. Huingii kwenye mlima wa watu kuchungulia mimea yao kama mwizi anayepima shamba. Unapita kwanza kwa mwenyewe, unasema umetoka wapi na unatafuta nini, na hupiti mikono mitupu, maana mkono mtupu haulambwi. Nikajaribu kumweleza kwamba hapa si hivyo, kwamba bonde hili limehifadhiwa, ni la watu wote.

"Ya bantu bote ni ya nani?" akauliza. "Lazima kuko muntu anailinda."

Akaangaza macho, akaona nyumba ya mwisho karibu na kijia, moshi unatoka. Akaanza kwenda. Nilimfuata nikimsihi. Nawajua watu hawa, nawaogesha kila siku: hawagongewi mlango Jumamosi na mtu wasiyemtarajia, sembuse wanawake wawili weusi wenye kikapu. Niliona aibu ambayo nilidhani nimeshaiacha zamani, miaka yangu ya kwanza hapa, nilipokuwa naomba radhi hata kwa kupumua. Mama akagonga kwa fimbo.

Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu aliyevaa soksi za sufu. Nikaanza Kifaransa changu cha adabu, samahani Bwana, mama yangu ni mgeni. Mama akanikata.

"Jambo, Papa," akamwambia, akamnyooshea kikapu. Kisha kwangu: "Umuambie tumetumwa. Umuambie nani alitutuma, tunatafuta nini. Umuambie tunaomba njia."

Nikatafsiri, macho yangu yakiwa kwenye kizingiti. Nilipomtaja bibi na nyumba ya wazazi wake aliyonieleza, ile ya kinu cha zamani cha kusagia nafaka, yule mzee aliinua nyusi. Kinu anakijua. Habari za msichana wa kinu aliyehamia Brussels alizisikia kwa mama yake. Akafunua kitambaa, akachukua andazi moja, akalila amesimama pale pale mlangoni. Akachukua la pili. Mama akanitupia jicho ambalo sina haja ya kulieleza kwa mtu yeyote mwenye mama.

"Bado," mzee akasema akifuta midomo. "Mmewahi mno. Lakini ngojeni nivae viatu."

Alitutangulia kwenda kijiani. Mimi nikaona njano kwenye mfereji wa barabara, nikapiga kelele, "Yale pale! Yamechanua!" Mzee akacheka kwa heshima. Hayo ni mengine, alisema, hutoka kabla ya majani yake, zamani walikuwa wanayachemsha kwa kikohozi. Mama alitaka kujua wanachemsha majani au maua, na nikabaki natafsiri mambo ya kikohozi huku masikio yangu yanawaka.

Kijia kilikuwa na matope na barafu. Mama alikwenda hadi kona ya kwanza tu, mguu ukaanza kutetemeka. Kutoka hapo tuliona chini: kijito, majani marefu ya kijani yaliyochomoza kila mahali, na theluji katikati yake. Si ua hata moja. Nilikuwa bado natafuta njano kwa mbali Mama aliponivuta mkono. Alikuwa anatazama karibu, miguuni petu, kwenye shina la mti. Palikuwa na maua meupe, madogo kama ukucha wa mtoto, vichwa vimeinama, yametokea katikati ya theluji yenyewe. Mzee akasema kwa Kifaransa yanaitwa yale yanayotoboa theluji. Mimi ningeyakanyaga. Mama, ambaye nusu ya maisha yake aliinama kupalilia, alikuwa ameyaona kabla ya mwenye mlima.

"Hii haiogope," alisema. Akayatazama kwa muda mrefu, na mguu wake ukaacha kutetemeka, au pengine mimi ndiye niliyeacha kuutazama.

Ndani ya basi la kurudi nilikuwa nimeridhika. Mama alikuwa ameshuka ngazi, amepanda treni, amekanyaga udongo. Nikamwambia, "Tutamuambia maman imefunguka. Ni muzee, atafurahi. Nitamuonyesha photo ya ku internet, na weye utapumuzisha muguu."

Alinigeukia mwili mzima, nyonga na yote. "Mujumbe habamuue, si banasema vile? Unajua juu ya nini? Juu analeta ile aliona. Mujumbe wa uongo, baache bamuue tu."

"Mama, ni maua."

"Alituma tuangalie maua, tuliona majani. Donc hatuyamaliza. Tutarudia."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikuwa ndefu kweli. Jioni hiyo Mama alipanda ngazi za kwetu akikaa kila baada ya hatua chache, na jirani mmoja alitupita, karibu aturuke kwa kunyanyua mguu, akasema bonsoir. Kesho yake hakuweza kuinuka. Nilimkanda kwa maji ya moto nikijitukana kimoyomoyo. Niliona nimemharibu mama yangu kwa ajili ya majani ya watu.

Siku iliyofuata nikasikia fimbo koridoni. Mlango wa jikoni, mlango wa chumba, na kurudi.

"Unafanya nini?"

"Ninafundisha muguu. Iko na kazi." Akapita mbele yangu bila kunitazama.

Nilimpelekea bibi jibu: bado. Akanitazama kwa mashaka. "Umekwenda kweli?"

"Mama yangu ameona kwa macho yake. Tutarudi tena."

Ikabidi nimsimulie yote, mandazi, mlango uliogongwa kwa fimbo, mugongo ya ng'ombe. Bibi alicheka hadi akakohoa, na kikohozi kile hakikuondoka. Kilishuka kifuani. Daktari wake akataka alazwe hospitali, naye akakataa katakata. "Nimetuma watu," alimwambia. "Siondoki hapa mpaka jibu lirudi."

Nitasema ukweli wangu ulivyo. Nilimwombea bibi yule kila siku, na sikumwombea kwa ajili yake tu. Mama alikuwa anashuka ngazi hadi ghorofa ya pili sasa, halafu hadi ya kwanza, halafu akaenda kuzunguka bustani ya basilika akiwa na uso wa mtu aliyeko kazini. Bibi akifariki, nani atamtuma Mama? Angerudi kwenye kiti chake, na daktari angefungua tena droo ya vijitabu. Nilikuwa namsugua mgongo mwanamke mgonjwa nikimwambia moyoni: usife, tafadhali, mguu haujapona. Sikuona haya. Mtu akiwa na mama wa kuokoa, anaomba kwa alichonacho.

Mwezi wa nne ulipoanza, jua lilitoka siku mbili mfululizo. Mama akasema, "Twende."

Tulipita tena kwa mwenye mlima na mandazi yake. Safari hii alikuwa ametuona dirishani na mlango ulikuwa wazi. Hakuvaa viatu. Alinyoosha mkono tu kuelekea kijiani, mdomo umejaa, akatukumbusha kwamba hairuhusiwi kuchuma.

Nilitaka kumshika Mama mkono pale panapoteremka. "Uniachilie," akasema. Nikamwachilia, na mimi ndiye niliyeteleza, nikakaa kwenye matope kwa kishindo. Mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Bukavu, kile cha kushika tumbo. Kisha tukapita kona, na akasimama.

Bonde lote lilikuwa njano. Kando zote mbili za kijito, hadi kwenye miguu ya misonobari, maelfu ya maua mafupi kuliko nilivyodhani, petali za nje zimepauka, kikombe cha katikati kimekolea kama kiini cha yai la kienyeji. Yote yalikuwa yameinamisha vichwa upande mmoja. Maji yalikuwa yanapiga kelele. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Nani alipanda?" Mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna."

"Hakuna muntu?"

"Hakuna muntu, Mama. Inaota yenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari njema asiyotaka kuiamini haraka. Nilidhani tumemaliza. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kwenda darajani. Akapita juu ya mbao, fimbo inagonga, akakamata njia ya ng'ambo. Nikamwita. Akajibu bila kugeuka kwamba upande ule kuna kivuli, lazima aangalie kama huko nako imefunguka, ili asiulizwe swali akakosa jibu.

Nikakaa darajani na sketi yangu yenye matope, nikamtazama. Aliinama, akaangalia, akainuka, akasogea. Kitenge chake chekundu kikawa kidogo, kikapotea nyuma ya mti, kikatokea tena. Mama yangu alikuwa peke yake kwenye mlima wa watu, anatembea, na hakuwa akinihitaji hata kidogo. Nililia hapo, nikajifuta kwa skafu kabla hajarudi.

Hakukubali kupita nyumbani. Jibu halilali njiani, alisema. Na ni macho yake yaliyoona, kwa hiyo ni mdomo wake utakaosema. Kutoka stesheni tulikwenda moja kwa moja Etterbeek. Nilitaka angalau nimfute viatu mlangoni, akanipiga mkono.

Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo kuliko nilivyomwacha jana yake. Walitazamana. Hakuna aliyetabasamu, walikuwa wanapimana, kama wanawake wawili wakubwa wanavyopimana kabla ya kupeana kiti. Mama akamsalimu kwa mikono miwili, akaketi, akaanza.

Kwetu safari inasimuliwa kuanzia mwanzo. Mama akaanza na ngazi za Koekelberg. Akasema habari za treni, na mtoto aliyelia ndani ya treni, na hali ya hewa, na afya ya mwenye mlima, ambaye anasalimia. Mimi natafsiri. Bibi akaanza kupiga shuka kwa vidole.

"Zimechanua au hazijachanua?"

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anauliza kama imefunguka."

"Umuambie tutafika huko." Akaendelea na daraja.

Nilidhani bibi atafoka. Badala yake alilegeza mkono, akafumba macho, na nikaona kwamba anafuata. Mama alipotaja kona, kichwa cha bibi kilisogea kidogo. Alipotaja maji yanavyopiga kelele, midomo ilitikisika. Kisha Mama akasema imefunguka, bonde lote, huku na ng'ambo, isipokuwa chini ya miti miwili mikubwa yenye kivuli, hapo bado, wiki moja tena.

"Miti miwili," bibi alisema macho yakiwa yamefumbwa. "Alifika hadi kwenye miti miwili? Kwa miguu?"

Nikatafsiri. Mama aliinua mguu wake, ule wa nyonga iliyovunjika, akauweka juu ya ukingo wa kitanda, juu ya shuka nililolibadilisha mimi mwenyewe. Bibi akafungua macho. Akanyoosha mkono, akabandua kipande cha tope kwenye kiatu, akakisaga katikati ya vidole, akakinusa. Alikaa nacho puani kwa muda. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Basi wanaweza kunipeleka hospitali," alisema.

Mama alipoelezwa alikunja uso. "Umuambie apone. Maua ingine anitume, nitaenda. Lakini jibu nitaleta hapa hapa, si ku hospitali. Mi sijue njia ya huko."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bibi akaitikia kwa kichwa, ndiyo, kama mtoto anayeagizwa.

Tulipotoka nilifunga mlango taratibu, nikabonyeza kitufe cha lifti. Nilikuwa nimechoka, sketi imekauka na matope yake, miguu inawaka. Lifti ikaja, mlango ukafunguka, nikasogea pembeni nimpishe Mama aingie kwanza. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshashika reli ya ngazi, ameshuka ya kwanza, anaitafuta ya pili kwa fimbo.

"Mama! Ascenseur iko hapa!"

"Panda weye," sauti yake ikajibu kutoka chini. "Weye njo umechoka."

Lifti ikajifunga, ikashuka bila mtu. Nami nikamfuata kwa ngazi, pole pole, nyuma yake, kwa sababu alinikataza kumpita.